Kulia Kwako au Kulia Kwake

Ukiwa na picha ya zamani nyumbani, na hujui huyo aliyesimama ubavuni mwa babu yako ni nani, usijisumbue kubahatisha. Nenda kwenye lile jengo lenye duka la vifaa vya ujenzi chini. Pita penye misumari na makopo ya rangi, panda ngazi, bisha hodi kwenye mlango wenye kibao cha "Kumbukumbu za Watu". Atakayekufungulia ni mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa uzi, penseli imechomekwa nyuma ya sikio. Jina analo, na liko kwenye barua yake ya ajira, lakini humo ndani hakuna anayelitumia. Wote, kuanzia Mkuu wa ofisi hadi mfagizi, humwita Bi Kulia.

Mgeni akilisikia jina hilo kwa mara ya kwanza humwonea huruma. Hudhani mama wa watu ana machozi ya karibu. Wapi. Bi Kulia ni mtu wa kucheka mpaka akashika mbavu, na misibani utamkuta nyuma ya nyumba anaosha vikombe huku wenzake wakiomboleza. Kulia kwake ni kule kwa mkono, na kulitokana na kosa.

Alikuwa bado mgeni kazini. Dereva mmoja mstaafu wa malori alileta picha aliyopigwa siku ya harusi yake, yeye katikati, mwanamke huku na mwanamke huku. Bibi harusi hakuvaa shela, na mama mkwe naye alikuwa bado mwanamke wa haja, hajachuja hata kidogo. "Mke wako ni yupi, baba?" akamuuliza. Mzee alikuwa ameizoea picha yake kiasi cha kutohitaji kuitazama. Alijibu macho yakiwa dirishani, "Huyo wa kulia." Dada wa ofisini akaandika. Picha ikakuzwa, ikatundikwa ukumbini siku ya maonyesho, na chini yake maandishi ya kupendeza: bwana na mkewe. Mzee akaja na wajukuu. Akasoma, akavaa miwani, akasoma tena, kisha akamtafuta yule dada wa ofisini katikati ya watu.

"Mwanangu," akamwambia taratibu, "mmeniozesha mama mkwe."

Ukumbi mzima ulicheka, na mzee alicheka kuliko wote, akasema ni heri mkewe marehemu hakuwepo, maana ingekuwa kesi ya kuitisha wazee. Lakini dada wa ofisini hakucheka. Alikaa na lile kosa kichwani siku kadhaa hadi alipolielewa. Mtu aliyekuwemo kwenye picha hasemi kama wewe unayeitazama. Husema akiwa mle mle ndani, amesimama mahali pake, na aliyekuwa mkono wake wa kulia atabaki kuwa wa kulia hata dunia ipinduke. Kwako wewe uliye nje, huyo ni wa kushoto. Tangu hapo akawa na swali lake moja, na humwuliza kila mtu, msomi na asiye msomi: "Kulia kwako au kulia kwake?" Limemkaa mdomoni hata sokoni. Mwenye genge akimwambia chukua fungu la kulia, naye huuliza, na mwenye genge humwambia, "Mama, chukua lolote, niache nipumzike."

Kazi yenyewe ukiitazama kwa mbali haina makeke. Watu huleta picha, barua, kadi za mialiko, vitambulisho vya kazi vilivyokwisha muda, na wengine hujileta wenyewe kusimulia. Bi Kulia huweka kinasa sauti mezani, hukifunika kwa kitambaa ili mzee asikodolee ile taa nyekundu, kisha huanza. Haulizi "huyu ni nani". Ukimwuliza mtu mzima hivyo atakujibu "simkumbuki", na mlango umeshafungwa. Yeye huanza na nguo. Hili koti lilikuwa la nani? Koti lina mwenyewe, na mwenyewe ana nduguye, na nduguye aliliazima siku ile akaondoka nalo hakulirudisha, na mzee akishaanza kumlaumu mwizi wa koti, jina hutoka lenyewe.

Ana hasira zake pia. Anayebandua picha kwenye albamu kwa kisu hupata somo lake papo hapo. Anayeandika nyuma ya picha kwa kalamu ya wino ndiye hasameheki kabisa, maana wino hupenya ukatokea usoni mwa watu. Ni penseli laini, nyuma, pembezoni, bila kukandamiza. Barua nazo hazibanwi kwa pini. Hukunjuliwa polepole na kulazwa kama mgonjwa, kila moja na bahasha yake. Mjane mmoja alileta furushi la barua za mumewe aliyefanya kazi mgodini, na Bi Kulia alipozinakili aligundua kwamba zote, toka ya kwanza hadi ya mwisho, zilikuwa za kuomba radhi kwa kutoandika barua. Alicheka, kisha akamhurumia marehemu, kisha akazihifadhi vizuri kuliko za wengine.

Lakini mganga hajigangi. Mwanamke huyu, aliyewarudishia majina watu wasio na idadi, nyumbani kwake alikuwa na picha moja tu ya mama yake mzazi, na hakuwahi kuiuliza lile swali lake.

Ni picha ndogo ya studio, nyeusi na nyeupe, ndani ya fremu ya mbao. Wasichana wawili wamesimama bega kwa bega mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua. Wamevaa magauni ya kitambaa kimoja, na wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Mmoja ni mama mzazi wa Bi Kulia, aliyefariki yeye akiwa hajaanza hata kutambaa. Mwingine ni mdogo wa marehemu, mama mdogo, aliyemchukua siku ya mazishi, akamfunga mgongoni, na kwa maneno yake mwenyewe hakumshusha mpaka alipomkabidhi kwa mume. Baada ya msiba ule mama mdogo alikonda, akanyoa nywele na hakusuka tena, hata ikawa yule msichana wa studio humwoni tena usoni pake.

Alikuwa fundi cherehani, mama mdogo, na alimlea mtoto wa dada yake kama alivyoshona, kwa kuvuta uzi mpaka ukaze. Upendo alikuwa nao, ila haukuwa wa kusemwa. Mdomoni alibana pini kutwa nzima, kwa hiyo hata kufoka alifokea puani. Mtoto alipata umri wa kuuliza maswali, akauliza, "Mama mzazi ni yupi pale?" Mama mdogo alikuwa kwenye cherehani, mgongo umeelekea ukutani, na hakugeuka. Alijibu katikati ya pini zake, "Huyo wa kulia."

Mtoto akapanda kiti, akamtazama wa kulia, akambusu juu ya kioo. Toka siku hiyo akawa na mama wa kuzungumza naye. Akirudi shule alipitiliza cherehani akaenda kwenye picha kutoa habari za siku: nani kamchokoza, nani kapata sifuri, nini anataka kuwa akikua. Wengine huacha mambo hayo wakivunja ungo. Yeye hakuacha. Alipoolewa aliondoka na picha ile kabla ya sufuria, akaitundika sebuleni, na hata sasa na mvi zake, akitoka asubuhi humwambia wa kulia, "Mama, nimetoka," na akirudi humwambia yaliyojiri. Mumewe, fundi bomba, mtu wa maneno machache, alishazoea. Huwaambia wageni kuwa ana mama mkwe mzuri sana, hajawahi kumwomba kitu.

Mama mdogo naye, baada ya vidole kuchoka na cherehani kupelekwa stoo, alihamia kwao. Macho yalikuwa yamemsumbua muda mrefu. Daktari alipomwambia ana mtoto wa jicho alicheka peke yake pale kliniki. "Nimelea mtoto wa dada, nimemaliza, sasa uzeeni nimeletewa mtoto wa jicho." Walimfanyia upasuaji jicho moja, nuru haikurudi. La pili lilikuwa linafuata mkondo huo huo. Aliona mwanga wa dirisha, aliona mtu akipita kama kivuli, sura hakuziona tena.

Mwaka uliopita mvua zilinyesha sana, na ukuta wa sebuleni ukaanza kutoa unyevu. Siku moja Bi Kulia akifuta fremu aliona madoa ya kahawia yameanza kwenye ukingo wa picha, yanapanda. Alichomoa picha kwenye fremu, akaiweka kati ya karatasi mbili safi, akaenda nayo ofisini asubuhi ile ile ili inakiliwe kabla haijaharibika.

Anayenakili picha ofisini ni bwana mmoja mwenye kipara na kitambi, wanamwita Fundi Mitambo, na mdomo wake hauna spidi gavana. Aliilaza picha kwenye mashine, akaitazama kwenye kioo cha kompyuta, akasifu magauni. Kisha akavuta kibodi ajaze maelezo, kama wanavyojaza kwa kila picha.

"Haya, dada. Nani na nani?"

"Mama yangu mzazi na mama mdogo."

"Mzazi yupi?"

"Wa kulia."

Fundi Mitambo akavua miwani, akakunja mikono juu ya kitambi, akaigiza sauti yake. "Kulia kwako, au kulia kwake?"

Wenzake wakacheka, maana walikuwa wameingoja siku ya kumrudishia. Bi Kulia naye akacheka, akafungua mdomo amjibu. Badala ya jibu, aliiona cherehani. Aliuona mgongo wa mama mdogo ambao haukugeuka. Aliisikia ile sauti ya kwenye pini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijiuliza aliyesema "wa kulia" alikuwa amesimama wapi.

"Andika 'bado'," akamwambia Fundi Mitambo, na sauti yake ilikuwa imebadilika kiasi kwamba bwana yule aliacha utani, akaandika.

Jioni ile hakumwambia wa kulia neno. Alirudisha picha kwenye fremu, akaitundika ukuta mwingine usio na unyevu, akaenda kupika. Kitandani alijigeuza mpaka mumewe akauliza kulikoni. Akamweleza. Kama amekosea, basi maisha yake yote amempa salamu zake mtu asiye mwenyewe, na mama aliyemzaa amesimama pembeni miaka yote hiyo akitazama, hajapata hata "hujambo". Bibi na babu walishakufa, mpiga picha alishakufa, studio imekuwa duka la simu. Aliyebaki wa kujua ni mmoja tu, na huyo haoni.

"Ukimchunguza sana bata, hutamla," mumewe akasema gizani. "Wote si ni mama? Achana nalo."

"Wewe ungekubali kuoneshwa kaburi la baba yako, halafu uambiwe labda ni hili, labda ni lile la jirani?"

Fundi bomba akafikiri. "Hapana," akasema. "Muulize."

Kumwuliza ndiko kulikokuwa kugumu. Watu aliowahoji walikuwa wa watu wengine, na jibu lolote walilotoa aliliandika akaenda kunywa chai. Hili lilikuwa lake. Siku zikapita, akijisingizia foleni ya kliniki na kazi za ofisini, mpaka daktari alipopima lile jicho la pili na kutikisa kichwa. Waliporudi nyumbani mama mdogo aligusa meza, akagusa kiti, akasema bila huzuni yoyote kwamba sasa hata kivuli hakioni sawasawa. Bi Kulia akaona aibu kwa kuogopa kwake.

Jumamosi, mume akiwa kwenye bomba la watu, alimkuta mama mdogo sebuleni na sinia la maharage mapajani, anachambua mawe kwa vidole. Aliishusha picha ukutani, akavuta kiti, akaweka kinasa sauti juu ya meza. Mama mdogo akasikia kile kidude kinavyobonyezwa.

"Leo ni zamu yangu?"

"Ni zamu yako, mama."

"Nimejiuliza utafika lini. Umehoji mpaka wauza mkaa." Vidole viliendelea kuchambua. "Haya, uliza."

Bi Kulia akaanza kama anavyoanza siku zote, na nguo. Mama mdogo akachangamka. Magauni yale aliyashona yeye, kazi yake ya kwanza kubwa, akiwa bado anajifunza kwa fundi mmoja mkali. Kitambaa alinunua dada yake, kwa mshahara wake wa kwanza wa kazi ya kufua hospitalini. Kilitosha gauni moja na nusu, lakini yeye alikata kwa akili yakatoka mawili, ila lake likawa fupi kidogo. Studio walikwenda kwa miguu wamevaa ndala, viatu wamevibeba mkononi visichafuke. Mpiga picha aliwaambia wasicheke, kwa sababu dada yake alikuwa hawezi kucheka kidogo, akianza haachi.

"Sasa nieleze mlivyosimama," akasema Bi Kulia.

"Wewe ndiye mwenye macho. Nieleze wewe."

Ikawa kinyume na kazi yake yote. Aliiinua picha kwenye mwanga wa dirisha akaanza kumweleza kipofu. "Wote wamesimama. Yupo wa kulia. Kulia kwangu mimi ninayetazama. Huyu gauni lake limeishia magotini." Akasikia mwenyewe alichokisema.

"Endelea."

"Lina mfuko. Mbele, juu ya nyonga."

"Na wa upande wa pili?"

"Halina mfuko. Limeshuka mpaka chini ya magoti."

Mama mdogo aliweka sinia chini. Alijifuta vidole kwenye gauni lake, kimoja kimoja, hana haraka. "Mfuko ule ni wa kuwekea chaki na utepe," akasema. "Kila gauni langu lilikuwa nao, hata hili nililovaa. Dada hakuwa na haja ya mfuko."

Kwa hiyo ndivyo. Bi Kulia aliangalia uso aliokuwa akiubusu juu ya kioo, macho yale, paji lile, uso aliouambia mambo ambayo hata mumewe hakuyajua, na ulikuwa ni wa mama mdogo. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kwa sauti yake ya kazini, kwani hakuwa na sauti nyingine ya karibu. "Uliniambia wa kulia."

"Alisimama mkono wangu wa kulia. Hata sasa ukinifumba macho, na yamekwisha kufumbwa, nikiwa pale studio yeye yuko huku." Aligusa bega lake la kulia. "Ningekuambiaje wa kushoto?"

"Basi tulipishana tu kwa neno." Bi Kulia alitaka iwe hivyo. Kosa la neno analifahamu, lina dawa, unafuta kwa kifutio unaandika upya. "Hukujua. Mimi nilielewa vibaya, na wewe hukujua."

Kinasa sauti kiliendelea kuwaka taa yake.

"Nilijua," mama mdogo akasema.

"Tangu lini?"

"Siku ile ile. Uzi uliniishia, nikageuka, nikakukuta juu ya kiti umeng'ang'ania sura yangu. Nikasema nitakusahihisha ukishuka. Ukashuka, ukaenda kucheza. Kesho yake nikasema leo. Ukaingia na begi lako la shule, ukanipita kama nguzo, ukamwambia, 'Shikamoo, mama.' Ukamwambia mwalimu kakusifu. Mimi nipo nyuma yako nashona, na maneno yote yanakwenda kwangu." Akameza mate. "Mwanangu, mimi sikujua kulea mtoto akacheka. Nilijua kumlisha, kumsafisha, kumchapa akikosea. Uso kwa uso ulikuwa unaniogopa. Pale ukutani ulikuwa unanipenda. Nikasema nikimwambia ukweli, yule wa ukutani nitamkosa, na huyu wa kwenye cherehani hatapewa chochote. Nikanyamaza siku hiyo. Ukinyamaza siku moja, ya pili inakuwa nyepesi."

"Na yeye?" Bi Kulia akauliza, na sasa sauti ya kazini ilikuwa imekwisha. "Mama yangu je?"

"Nilimdhulumu. Unadhani silijui? Dada yangu hakuacha kitu duniani isipokuwa wewe, na salamu zako nikazila mimi. Kila ukisema shikamoo pale ukutani, nilikuwa naitikia kimoyomoyo. Halafu nilikuwa namwambia dada anisamehe, kesho nitasema."

Bi Kulia alizima kinasa sauti. Alikasirika, na asije mtu akakwambia kwamba alielewa papo hapo akamkumbatia mama yake, hayo ni ya kwenye sinema. Alirudisha picha ukutani, akachukua sinia la maharage akaenda kuyamalizia jikoni, na mawe yale aliyatupa kwa nguvu kwenye ndoo, moja moja, ili yasikike sebuleni.

Nyumba ilikuwa nzito siku zile. Alimpa mama mdogo chakula chake kwa wakati, dawa zake kwa wakati, maji ya kuoga ya moto, na maneno ya lazima tu. Asubuhi alitoka bila kumwambia mtu ukutani kwamba anatoka. Fundi bomba aliwatazama wote wawili, akaamua kurekebisha mabomba ya nyumba yake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Ofisini aliifungua ile sehemu iliyoandikwa "bado". Hapo ndipo alipomtazama kwa mara ya kwanza yule mwingine, wa kushoto kwake, uso umekuzwa umejaa kioo cha kompyuta. Aliona kona ya mdomo imebanwa kwa nguvu, na shavu moja limevimba kidogo. Ni mtu anayezuia kicheko, na alibakiza sekunde moja kushindwa. Maisha yake yote Bi Kulia alikuwa amempita mwanamke huyu kila asubuhi bila kumwona, na mdomo wa mwanamke huyo ulikuwa kama wa Bi Kulia mwenyewe. Alilia pale pale, mbele ya Fundi Mitambo, na bwana yule akawa na adabu ya kutosema kitu. Akamsogezea tu kitambaa safi cha kufutia lenzi.

Akaandika: kushoto kwa mtazamaji, mama mzazi. Kulia kwa mtazamaji, mama mdogo, aliyeshona magauni. Kisha akavaa vipokea sauti masikioni aweze kunakili mahojiano, kwa sababu kazi ni kazi. Alichapa neno kwa neno. Alipofika pale sauti ya mama mdogo inapomeza mate, aliirudisha akasikiliza, akairudisha tena. Nyuma ya sauti ile alisikia kitu ambacho siku ile hasira haikumwachia asikie: kucha zinakwaruza mbao za kiti. Mzee wa watu alikuwa amekishika kiti kwa mikono miwili, kama mtu anayesubiri kufukuzwa nyumbani.

Alirudi jua likiwa bado juu. Mama mdogo alikuwa dirishani, anaota mwanga wa mwisho uliobaki kwake. Alisikia mlango, akasikia hatua, akazijua, akateremsha uso kidogo kama alivyokuwa akifanya siku zote hizo.

Bi Kulia aliweka mkoba chini. Akaenda ukutani, akasimama mbele ya picha, na safari hii alisogea kushoto. Hakujua aanzie wapi. Mama huyu hakujua habari yoyote, hakujua shule, hakujua harusi, hakujua chochote, na ingebidi asimuliwe yote toka mwanzo. Akaanza na linaloanza.

"Shikamoo, mama."

Kule dirishani mama mdogo alikaza midomo. Alijua salamu ile haikuwa yake, na aliiacha ipite.

Kisha Bi Kulia aligeuka, akavuka sebule, akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa ya mama mdogo, akaishika ile mikono iliyochoka na kuiweka usoni pake, ili asiwe na shaka salamu inakwenda kwa nani.

"Shikamoo, mama."

Mama mdogo alipapasa paji, akapapasa mashavu, akaukuta mdomo.

"Marahaba, mwanangu," akasema, kwa sauti ya kusikika.